Mjadala: Mechi isimame ili aliyefunga afuturu, au kila mtu na saumu yake?

Wakuu, suala hili limeigawa Ulaya. Aprili 2021, Leicester ikicheza na Crystal Palace, kipa Vicente Guaita alichelewesha goli kiki jua lilipozama, Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wakapata nafasi ya kufuturu. Mwaka uliofuata, Ujerumani, mwamuzi Matthias Jöllenbeck alisimamisha mechi ya Augsburg na Mainz ili Moussa Niakhaté anywe maji. Mwaka 2023 shirikisho la soka la Ufaransa likawaandikia waamuzi wake: hakuna kusimamisha. Nani yuko sahihi?

Kipenga: Ufaransa wanakuza jambo dogo. Sheria ya 7 ya soka inatambua mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, kanuni za mashindano zikiruhusu, na muda unafidiwa. Nahodha amwambie mwamuzi saa ya magharibi kabla ya mechi. Ikifika, mwamuzi asubiri mpira utoke, iwe goli kiki au wa kurusha, asikate shambulizi la mtu. Chupa na tende ziwe tayari mstarini. Wanaoharibu ni makocha: dakika ya maji inageuka kikao cha mbinu, na hapo mpinzani ana haki ya kulalamika.

Mstari wa Kati: Shirikisho la Ufaransa linasema uwanja hauna dini. Ukisimamisha kwa ajili ya futari, Mkristo utamjibu nini? Mwishoni mwa 2024 Marc Guéhi, nahodha wa Crystal Palace, aliandika kwenye kitambaa cha unahodha kwamba anampenda Yesu, chama cha soka cha Uingereza kikamkumbusha kanuni.

Kipenga: Hayo mawili hayafanani. Sheria ya 4 inakataza maandishi ya kidini, kisiasa au ya kibinafsi kwenye vifaa vya mchezaji. Tende haina maandishi. Halafu wengi huchanganya: kadi ya njano ni ya kuvua jezi wakati wa kushangilia, hata kama ndani hakuna neno. Maandishi yenyewe ni kesi ya waandaaji au chama.

Sahani: Mnagombania dakika moja wakati kazi kubwa ni ya usiku. Anayegugumia nusu lita ya maji baridi na tende sita kisha akakimbia, tumbo litamsumbua mpaka mwisho wa kipindi. Apige mafunda machache, kama mililita 150 hadi 200, na tende mbili au jeli moja ya kuongeza nguvu. Chakula cha maana kingoje. Jasho nalo lina hesabu yake: mpime uzito kabla na baada ya mazoezi, kila kilo iliyopungua irudishwe kwa takriban lita 1.5, kidogo kidogo hadi daku, pamoja na chakula chenye chumvi. Akinywa maji matupu kwa mkupuo, mengi yanaishia chooni. Daku isogezwe karibu na alfajiri, mazoezi mazito yaende baada ya futari. Na jamani, usingizi! Daku inaukata katikati, na makocha wengi hawampi mchezaji nafasi ya kulala mchana, halafu wanailaumu njaa.

Mstari wa Kati: Basi atumie ruhusa. Msafiri anaweza kula na kulipa siku baadaye. Olimpiki ya London 2012 iliangukia Ramadhani na baadhi ya wanariadha Waislamu waliahirisha saumu.

Sahani: Ruhusa ni ya mchezaji, kocha hana mamlaka nayo. Tena mechi ya nyumbani haina safari. Hakeem Olajuwon alifunga saumu Februari 1995 na akawa mchezaji bora wa mwezi huo NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ingawa mechi nyingi za kikapu huchezwa usiku, kwa hiyo tusimfanye kipimo cha kila mchezo.

Kipenga: Na katazo halimzuii mtu. Atakunywa wakati mwenzake anatibiwa, au mpira ukienda jukwaani. Mimi naona heri mwamuzi aijue dakika hiyo mapema.

Mstari wa Kati: Nakubali nusu. Iandikwe kwenye kanuni za ligi, isiwe hisani ya mwamuzi mmoja huku mwingine akikataa. Na kocha atakayeitumia kupanga kikosi aonyeshwe kadi. Bila hivyo nabaki na Ufaransa.