Re: Mama kanyimwa viza ya Uingereza, V 4.2 (a) na (c)

Mama Nasra, Leicester:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mdogo wangu wa kike anajifungua mwezi wa tatu, uzazi wa kwanza, na tulitaka mama aje awe naye walau mpaka arobaini ipite. Jana mama karudishiwa pasipoti yake na barua: kanyimwa kwa kanuni za viza ya wageni, V 4.2. Kwa (a) hawaamini kwamba atarudi, kwa (c) hawaamini sababu ya safari, na zile milioni tano zilizoingia benki hawajui zimetoka wapi. Zimetoka kwangu, na barua yangu ya udhamini ilikuwemo! Mama ana shamba la michungwa Muheza na watoto wake wengine wote wako huko. Aache nyumba yake akae kwenye chumba changu milele? Naomba kuuliza, tuombe upya mara moja au tusubiri?

Baba Imani, Reading:
Pole sana dada. Rufaa sahau, kwa viza ya kutembelea familia waliifuta Juni 2013. Mama mkwe wangu naye walimkataa kwa (a) hiyo hiyo. Wazee wetu mali wanayo ila haina karatasi. Mnunuzi wa machungwa analipa taslimu pale pale shambani, ardhi ni ya ukoo, akiba iko kwenye kikoba. Afisa anaona akaunti tupu, halafu ghafla milioni tano. Bora hela ibaki kwako, uonyeshe slipu za mshahara na taarifa ya benki, kanuni inayofuata, V 4.3, inaruhusu mtu mwingine kugharamia. Na msiandike kabisa kwamba anakuja kulea mtoto. Hiyo wanaihesabu kazi.

Bi Mkubwa, Slough:
Baba Imani, usipotoshe watu. Bibi kumwangalia mjukuu katika matembezi mafupi anaruhusiwa, mwongozo wao wenyewe unasema, mradi asiwe ameajiriwa kama yaya. Ukificha sababu ya safari ndipo (c) inapokunasa. Andikeni ukweli, wekeni barua ya kliniki yenye tarehe ya kujifungua na cheti cha kuzaliwa cha binti, kile cha RITA. Jina la mama kwenye cheti likitofautiana na la pasipoti, wekeni na kiapo.

Baba Imani, Reading:
Sijapotosha mtu. Nimeeleza tulichoambiwa na mwanasheria tuliyemlipa.

Mama Tumaini, Toronto:
Huku kwetu Kanada kuna Super Visa, viza ya wazazi na mabibi na mababu. Tangu Julai 2022 mzazi anaingia na kukaa hadi miaka 5 mfululizo, ila lazima awe na bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada na mtoto awe na kipato kinachotakiwa. Mama alipokaa nasi kipindi chote cha baridi, wanangu waliokuwa wanamjibu Kiingereza kwenye simu walianza kumwamkia wenyewe. Sasa wanawajua wajomba zao wote kwa majina, na wanagombania simu akipiga.

Mzee wa Kondoa, Birmingham:
Haya yote yangepungua Watanzania tungekuwa na uraia pacha. Wakenya wanao tangu Katiba ya 2010. Mimi nilipochukua pasipoti ya huku nilipoteza ya kwetu kwa Sheria ya Uraia ya 1995. Baba alipofariki nililipa dola 50 za viza nikamzike. Kaburi la baba yangu, kijiji nilichozaliwa! Mpaka leo linaniuma.

Bi Mkubwa, Slough:
Pole mzee wangu, hilo linatuuma wengi. Lakini uraia tuufungulie uzi wake, hapa tuna mama wa Muheza. Mama Nasra, shamba lina hatimiliki ya kimila? Kama halina, mama aende kwa mtendaji wa kijiji apate barua kwamba ni lake na analilima mwenyewe. Na mdogo wako yuko mji gani? Tupo watu wazima humu tunaoweza kwenda kwa zamu, kumchemshia maji na kumpikia uji wa pilipili manga, mama akituelekeza kwa video.