Nianze kutazama wapi kwenye soko kubwa la vitu vya kale?

Mtafutaji:
Ndugu wanajukwaa, baada ya miaka mingi ya kununua vitu vya kale kimojakimoja, nitakwenda kwa mara ya kwanza kwenye soko la wazi lenye mamia ya wauzaji wanaotandaza bidhaa zao uwanjani tangu alfajiri. Natafuta hasa kabati dogo au meza yenye droo, pamoja na vyombo vya fedha na kauri. Sina hofu ya kukosa cha kununua. Ninachohofia ni kuzongwa na wingi wa vitu hadi macho yachoke kabla sijafika katikati ya soko, kisha nibebeshwe kitu kipya kilichozeeshwa kwa makusudi. Naomba wenye uzoefu mnieleze mnavyotembea huko na alama mnazozitazama kabla ya kutoa fedha.

Fundi wa Samani:
Ndugu Mtafutaji, kwa upande wa samani nakushauri uvute droo kabla hujauangalia uso wa kabati, kwa sababu anayeghushi hutumia muda wake mwingi mahali panapoonekana. Toa droo nzima, igeuze, kisha mulika kwa tochi pembe zake na ubao wa chini. Meno ya mbao yanayoshikana kwenye pembe yakiwa yamekatwa kwa mkono hayalingani sawasawa, na mara nyingi utaona mstari mwembamba ambao fundi aliuchora ili ajue mwisho wa kukata. Yakilingana yote kabisa, hiyo ni kazi ya mashine. Kazi ya mashine si aibu, maana samani nyingi nzuri za mwisho wa karne ya 19 zilitoka viwandani, ila hupaswi kulipia karne ya 18 ukapewa kitu cha karne ya 19. Vivyo hivyo, michirizi iliyopinda kama upinde nyuma ya ubao huachwa na msumeno wa duara, ambao ulienea katika karne ya 19. Skurubu zenye mfuo wa msalaba kichwani zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha kale zaidi, uliza kama zilitiwa wakati wa matengenezo.

Matundu ya wadudu nayo yana habari. Mdudu hula ndani ya mbao na hutoboa tundu dogo la mviringo anapotoka. Ukiona njia zake zimelala wazi juu ya uso wa ubao kama vijifereji, ujue ubao huo ulikatwa upya baada ya kuliwa. Unga mweupe unaomwagika unapogonga kwa kidole ni dalili kwamba huenda wadudu bado wamo, na hapo ningeondoka. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa kabati ambalo sehemu yake ya juu na ya chini hazikutengenezwa pamoja, na sikulitambua hilo hadi nilipofika nyumbani na kuona mbao za mgongoni ni za aina mbili. Tangu siku hiyo huomba kabati lisogezwe nilione mgongo, hata muuzaji akinuna.

Msomaji wa Chapa:
Nitaongezea juu ya fedha na kauri. Beba kioo cha kukuzia na sumaku ndogo. Sumaku ikinata, chombo si cha fedha. Isiponata, bado hujathibitisha kitu, kwa kuwa shaba nayo haivutwi. Tafuta chapa, yaani alama ndogo iliyogongwa kwenye chombo: simba anayetembea huonyesha fedha ya Uingereza yenye kiwango cha asilimia 92.5, ilhali nchi nyingine za Ulaya hupiga tarakimu kama 800, 830 au 835, yaani sehemu za fedha katika kila elfu. Herufi EPNS maana yake ni aloi ya nikeli iliyopakwa fedha kwa umeme. Mng'ao wake hufanana na wa fedha halisi, na wengi hukosea hapo.

Kwenye kauri, jina la nchi chini ya sahani husaidia sana. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingizwa ziandikwe nchi zilikotoka kuanzia mwaka 1891, hivyo sahani yenye jina la nchi kwa Kiingereza kwa kawaida si ya kabla ya hapo. Kukosekana kwa jina hilo, hata hivyo, si ushahidi wa ukale. Pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wote, kwa sababu kidole hugundua kiraka ambacho jicho limekipita. Nenda alfajiri, kwani wafanyabiashara wa vitu vya kale hununua vilivyo bora kabla jua halijapanda.

Mtembezi wa Jioni:
Kuhusu muda natofautiana kidogo na ndugu aliyetangulia. Alfajiri kuna haraka na giza, na vyote viwili ni adui wa mnunuzi mgeni. Ukiwa na siku nzima, zunguka mara ya kwanza bila kununua, andika namba ya kibanda au piga picha ya alama iliyo karibu, kisha rudi kwa vile vitu ambavyo bado unavikumbuka. Jioni wauzaji wengi hupunguza bei ya samani nzito, kwa kuwa hawapendi kuzipakia tena. Jambo jingine ni pembe za ndovu: mkataba wa kimataifa wa CITES kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara yake kati ya nchi, hivyo usinunue kitu cha pembe kabla ya kujua sheria ya mahali ulipo na ya mahali unapokipeleka.

Mtafutaji:
Nawashukuru sana. Je, nikipenda kitu ambacho muuzaji anasema kuna mwingine anakuja kukichukua, nifanyeje?

Fundi wa Samani:
Omba dakika tano za kukigeuza na kukimulika kama nilivyoeleza. Akikunyima dakika hizo, mwachie huyo mwingine.