Huduma ya wingu ikibadili jina na bei, mteja wa zamani aguswe?

Mleta mada, Kampala

Wadau, hamjambo. Kampuni inayotunza mafaili ya watu kwenye wingu ikiamua kujiita jina jipya na kupanga bei upya, mteja aliyeingia kwa masharti ya zamani asombwe nayo, au aachiwe alichoahidiwa? Mimi nasema jina wabadilishe watakavyo, ila GB ambazo mteja ameshazijaza wasiziguse. Na sababu yangu iko kwenye bando kuliko kwenye hifadhi yenyewe.

Tupige hesabu. Kifurushi cha GB 100 cha Google One, kwa bei ya Marekani, ni dola 1.99 kwa mwezi. Tuchukue dola kwa shilingi 3,700: inakuja 7,363. Ongeza VAT ya asilimia 18, unafika 8,688. Hiyo watu wengi wanaimudu. Sasa zipandishe hizo GB 100 mtandaoni. Tuseme GB moja ya bando lako inakugharimu shilingi 2,000: hapo ni 200,000, yaani ada ya hifadhi ya miezi 23. Bado muda. Laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde (Mbps 5) bila kukatika inataka saa 44 na ushee. Ikishuka hadi Mbps 2, ni saa 111, siku nne na nusu mchana na usiku.

Ukitaka kuhamia kwingine unalipa mara mbili: unapakua zote, kisha unazipandisha upya. 400,000. Mtu wa London mwenye laini ya nyumbani isiyohesabu GB akikasirishwa na bei anahama wikiendi moja. Sisi tumefungwa tangu siku tulipomaliza kupandisha, na anayepanga bei anajua hivyo.

Kalamu ya Hesabu, Jinja

Hesabu yako nimeirudia, imesimama. Ila mzigo wote umeuweka bega moja. GB 1 ya mteja haichukui GB 1 ya diski. Mtoa huduma makini huweka nakala zaidi ya moja, kwenye mashine tofauti, kwa kuwa diski hufa bila kupiga hodi. Diski hizo zinanunuliwa kwa dola, zinakula umeme usiku kucha, na umeme ukikatika jenereta inakunywa dizeli. Ukimfunga mtu huyo kwa bei moja maisha yote, ama atafunga duka ama atapunguza nakala kimyakimya, na hilo la pili ndilo baya zaidi kwa sababu hutalijua hadi siku faili halifunguki. Amazon Drive ilifungwa mwisho wa 2023, na mwenye nayo hakuwa maskini.

Ahadi iwe na tarehe. "Bei hii ni ya miezi 24" kila mtu anaielewa. Maneno yanayoumiza ni "bila kikomo". Microsoft waliyaahidi Oktoba 2014 kwa wateja wa Office 365, Novemba 2015 wakayafuta, wakisema wako watumiaji waliopita TB 75 mmojammoja (TB 1 ni kama GB 1,000). Dropbox nao mwaka 2023 waliyaondoa kwenye kifurushi chao cha biashara. Diski isiyo na kikomo haijatengenezwa bado.

Mkereketwa, Entebbe

Na SkyDrive, hifadhi ya wingu ya Microsoft, je? Walijiita OneDrive, watu wakashangilia nembo mpya, kumbe GB 15 za bure zinageuka 5. Jina jipya ni pazia tu, bei inapandishwa nyuma yake.

Fundi Seva, Ntinda

Ndugu yangu wa Entebbe, tupange tarehe kwanza ndipo tuhukumu. SkyDrive iliachwa kwa sababu ya kesi: Juni 2013 mahakama ya Uingereza iliona jina hilo linagongana na Sky, alama ya kampuni ya televisheni ya BSkyB. OneDrive ikatangazwa Januari 2014 na kuanza kutumika mwezi uliofuata. Wakati huo za bure zilikuwa GB 7, na mwaka huohuo zikapanda hadi 15. Mbano ulikuja Novemba 2015, karibu miaka miwili baada ya jina: za bure zikashushwa hadi 5, na dola 1.99 iliyokuwa inanunua GB 100 ikawa inanunua 50. Watu wakapiga kelele. Desemba kampuni ikaomba radhi na kuwaruhusu wa zamani wabaki na GB 15, ila kwa sharti la kujiandikisha kabla Januari 2016 haijaisha. Asiyefungua barua pepe zake mwezi huo alizikosa.

Upande wa pili uko pia. Google One ilipozaliwa 2018, waliokuwa wanalipa dola 9.99 kwa TB 1 walipewa TB 2 kwa bei ileile. Na Google Photos, ilipofuta hifadhi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021, picha zilizopandishwa kabla ya siku hiyo kwa ubora uliobanwa hazikuhesabiwa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: ya nyuma yabaki, mapya yalipiwe.

Jambo ambalo mjadala huu unaliruka ni uharibifu wa jina lenyewe, hata bei isipoguswa. Programu ya wingu kwenye kompyuta hufungua folda yenye jina la huduma. Toleo jipya likibadili jina la folda, kila njia iliyoandikwa mahali pengine inavunjika. Chukua faili la Excel la mishahara linalovuta namba kutoka faili la mahudhurio. Ndani ya seli kumeandikwa C:\Users\Ofisi\JinaLaZamani\Mahudhurio.xlsx. Kesho folda inaitwa JinaJipya. Excel inabaki na namba ilizozikumbuka mara ya mwisho, ukurasa unaonekana mzima, na mishahara ya mwezi huu inatoka kwa mahudhurio ya mwezi uliopita.

La pili ni kali zaidi kwa mwenye bando. Programu mpya isipoelekezwa kwenye folda ya zamani hufungua folda tupu na kuanza kupakua kila kitu upya. Akaunti ya GB 60 juu ya bando la GB 20, asubuhi huna kitu. Kwa hiyo kabla ya kukubali toleo lenye jina jipya, simamisha usawazishaji (sync), nakili folda yote kwenye diski ya nje, ndipo usakinishe. Wakati wa kuunganisha akaunti chagua mwenyewe folda ileile ya zamani, usibonyeze "endelea" kwa mazoea. Weka kikomo cha kasi, kisha kaa utazame dakika kumi za kwanza. Ikiwa inalinganisha mafaili, iache. Ikiwa inapakua ambayo tayari unayo, isimamishe hapohapo. Kwenye simu, zima ruhusa ya kutumia data ya laini hadi uwe kwenye Wi-Fi.

Dada Wakili, Mbarara

Fundi ameigusa kesi, niongeze upande wa hapa. Anayetaka jina jipya aanzie URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kwa upekuzi chini ya Sheria ya Alama za Biashara ya 2010, kabla ya kulipia mabango. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: hifadhi ya mtandaoni iko daraja la 42, programu ya simu daraja la 9. Ombea yote mawili. Ombi likishatangazwa kwenye gazeti la serikali, mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili wa kwanza ni miaka 7, ukihuishwa ni 10. Na karatasi ya Kampala haivuki Malaba: Kenya ni KIPI, Tanzania bara ni BRELA, Zanzibar wana ofisi yao.

Tena, siku ya kubadili jina ndiyo siku ya matapeli. Ujumbe wa "tumebadili jina, ingia hapa uthibitishe akaunti" unaonekana wa kweli kwa sababu habari yenyewe ni ya kweli. Kampuni itangaze miezi mitatu mapema, itumie anwani ya zamani kutangaza mpya, na viungo vyote vilivyoshirikiwa viendelee kufunguka kwa kuelekezwa kwenye anwani mpya. Jina linalotokea kwenye mobile money nalo libadilike siku hiyohiyo. Mteja akiona jina asilolijua linamwomba PIN, atakataa, na atakuwa sahihi.

Muuza Bando, Arua

Mimi sina ugomvi na jina. Wakiita Wingu, wakiita Etterekero kwa Kiganda, sawa tu, bora mama wa dukani aweze kulitamka na kuliandika kwenye simu bila kuuliza. Ugomvi wangu ni dola na kadi. Wateja wengi huku hawana kadi ya benki. Uzeni kwa shilingi, kwa wiki, kupitia mobile money. Shilingi 2,000 kwa wiki kwa GB 100 watu watanunua.

Kalamu ya Hesabu, Jinja

Kaka wa Arua, 2,000 mara 52 ni 104,000. Kifurushi cha mwezi cha mleta mada mara 12 ni 104,256. Kwa hiyo bei yako ya wiki ni ya haki kabisa, sikutegemea. Lakini mpango wa kulipia mwaka mzima, dola 19.99, pamoja na VAT unafika 87,276. Tofauti ni karibu 17,000, na anayeilipa ni yule asiye na pesa ya pamoja.

Ila kuna kitu kikubwa kuliko hiyo 17,000. Bando likiisha umekosa intaneti, basi, unanunua jingine. Hifadhi ikiisha, mafaili yako wapi? Mobile money kwa kawaida inataka PIN kila malipo, kwa hiyo malipo ya wiki yana nafasi 52 za kushindwa kwa mwaka. Mtu yuko msibani kijijini, simu imezima, wiki mbili zimepita. Anayeuza kwa wiki lazima aandike kwenye bango lenyewe nini kinatokea siku ya nane. Pendekezo langu: siku 30 akaunti ifanye kazi kama kawaida, baada ya hapo miezi sita ya kusoma na kupakua tu, na kufuta kuje baada ya SMS tatu, si barua pepe. Google wao wanasema aliyezidisha nafasi kwa miaka miwili anaweza kufutiwa. Miaka miwili. Kampuni ndogo haiwezi kufika huko, lakini siku saba ni unyang'anyi.

Muuza Bando, Arua

Siku 30 nakubali. Hilo la kuandikwa kwenye bango nalitaka hata zaidi. Na mkisema bando ni ghali, taja na kodi: tangu Julai 2021, ile ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipofutwa, data inatozwa ushuru asilimia 12, na VAT ya 18 inakaa juu yake. Data ya 1,000 inakuwa 1,321 ikiwa yote anasukumiwa mteja.

Mwalimu wa Kompyuta, Gulu

Mnashindana juu ya bei ya GB inayokaa, wakati inayomaliza pesa ni GB inayosafiri. Uliza swali moja kabla ya kununua: faili likibadilika kidogo, programu inapandisha faili zima au kipande kilichobadilika? Faili la hesabu la duka lenye MB 300, linalofunguliwa na kufungwa siku 26 za kazi, likipandishwa zima kila siku ni GB 7.8 kwa mwezi. Dropbox hukata faili vipande vya MB 4 na kupandisha vilivyoguswa tu. Kwa siku inayogusa vipande vitatu ni MB 12, mwezi mzima MB 312. Kwa bei ya mleta mada ya 2,000 kwa GB, ni shilingi 15,600 dhidi ya 624. Huduma iliyo ghali kwenye bango inaweza kuwa rahisi mfukoni.

Na nakala moja ibaki kwenye diski uliyoishika mkononi. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, hata seva iliyoko Namanve, kando ya Kampala, isingekufikia kwenye simu.

Mleta mada, Kampala

Nimesoma yote. Hoja ya Jinja ya tarehe naikubali, nimeacha "wasiguse kamwe". Kampuni iandike bei inadumu miezi mingapi, ikibadilisha itoe taarifa siku 90, na GB zilizokwisha kujazwa zibaki kwa bei ya zamani angalau miezi 23, kwa sababu ndiyo gharama aliyoilipa mteja kuzifikisha pale. Asiyejibu barua ahesabiwe amebaki alipo. Mambo ya kujiandikisha kama ya Januari 2016 tusiyakubali. Na bango liseme GB 100 ni zipi: za kuhesabu kwa elfu, Windows itazionyesha kama 93, kwa kuwa yenyewe huhesabu kwa 1,024.

Fundi, ongezea hapo chini jinsi ya kuweka kikomo cha kasi kwenye simu za bei ndogo, wengi wameniuliza.

Fundi Seva, Ntinda

Programu nyingi za simu hazina kikomo cha kasi, zina swichi ya "Wi-Fi pekee". Iwashe hiyo, kisha kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, zima data ya chinichini kwa programu hiyo moja. Kama Wi-Fi yenyewe inatoka kwenye simu ya mwenzako, fungua mipangilio ya mtandao huo na uuweke kuwa wenye kipimo (metered), la sivyo simu itadhani ni bure na kumaliza bando lake.

Kalamu ya Hesabu, Jinja

Miezi 23 ni mingi, mleta mada. Shilingi ikianguka katikati, nani anabeba? Mimi nasema 12, na baada ya hapo ongezeko lisizidi mabadiliko ya dola.

Mleta mada, Kampala

18, na kiwango cha dola kiwe cha Benki Kuu ya Uganda, siku ya tangazo. Chini ya hapo siendi.