Intel na AMD wanashindana kwa stika, sisi wa laptop za bei ya chini ndio tunaumia

Wakuu hili suala la prosesa (ubongo wa kompyuta, Intel na AMD ndio watengenezaji) za laptop za bei chee limenichosha kabisa. Ushindani wa Intel na AMD ulitakiwa utupe nafuu sisi wenye hela ya mawazo, lakini huku chini wanagombania jina la kubandika tu.

Chukua AMD. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7540U, ukizisoma harakaharaka dukani unaona ni kitu kimoja, hiyo 7 ya mwanzo inasema zote ni za 2023. Sasa angalia namba ya tatu. Ile 2 ni Zen 2, yaani muundo wa ndani wa prosesa, teknolojia ya 2019, kori 4 (kori ni viini vinavyofanya kazi ndani ya prosesa). Ile 4 ni Zen 4, kori 6. Mzazi anayemnunulia mtoto laptop ya chuo atajuaje kwamba ukweli wote umefichwa kwenye namba ya tatu?? Muuzaji mwenyewe hajui, yeye anakwambia tu hii Ryzen 5 bosi, toleo jipya.

Na Intel wasijifanye wasafi. Desemba 2023 walitoa presentesheni nzima kuwasema AMD kwa hiyohiyo 7520U, baadae wakaiondoa mtandaoni, maana na wao ni walewale. Mwaka huohuo 2023 ndio wamefuta majina ya Celeron na Pentium kwenye laptop wakaweka "Intel Processor" basi. Celeron ilikuwa dhaifu lakini ukiiona ulijua unanunua nini! Halafu kuna i3-N305, ukoo mmoja na N100 (prosesa ya Intel ya laptop za bei chee), kori zake zote ni zile ndogo za kubana umeme, na bado inaitwa i3 kama zile zenye kori kubwa.

Mdogo wangu kauziwa mashine mpya ya boksi, kori 2, RAM 4GB imechomelewa kwenye bodi huongezi kitu, hifadhi ya eMMC (ile ya bei chee na ya polepole) 64GB ambayo Windows 11 imekula karibu nusu, apdeti ikija hakuna pa kuiweka, akifungua Word na Zoom pamoja mausi inaganda mwanafunzi anakosa kipindi. Hela ileile angepata mtumba wa i5 kizazi cha 8 wenye SSD (hifadhi ya kasi) na RAM ya kuongeza, na Windows 11 inakubali. Inauma sana.

Wenye maduka, andikeni jina la prosesa lote mpaka herufi ya mwisho, na mseme RAM inaongezeka au haiongezeki. "Core i3 mpya, 4GB" sio maelezo.