Naomba ushauri: seti yangu ya Rogue ya kumjaza mpinzani karata

Habari zenu wakuu. Nacheza Hearthstone (mchezo wa karata wa mtandaoni) upande wa Wild, unaoruhusu hata karata za zamani, na nimejitungia seti ya Rogue (moja ya aina za wahusika wa mchezo) isiyotegemea kushambulia. Namvutisha mpinzani karata kwa kiumbe Coldlight Oracle, namrudisha Oracle mkononi mwangu kwa Shadowstep, kisha namtoa tena. Mkono wa mpinzani ukijaa karata 10, zinazozidi zinaungua. Kuona karata yake kubwa ikiteketea hivyo, raha yake haielezeki! Karata za kuvuta zikimwishia kabisa, uchovu (adhabu ya kuvuta bila karata) unamla uhai 1, 2, 3, unapanda tu.

Shida ni wachezaji wa kasi, wanaoshambulia mapema: nawapa wenyewe karata za kunimalizia. Nimeongeza za kuponya, lakini sasa Oracle anachelewa kuja, na nafasi ni 30 tu.

Nipunguze za kuponya au za kuvuta? Na dhidi ya hao wa kasi, Oracle nimshikilie mpaka lini?