Simu ni yangu, kwa nini siruhusiwi kufuta programu za kiwandani?

Wakuu, naleta mada hii baada ya kubishana na fundi simu pale Makoroboi, hapa Mwanza. Hatukumaliza, na nahitaji wenye hoja wanipinge au waniongezee.

Dada yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mteja wake wa Kahama hanunui gunia ambalo hajaliona, kwa hiyo kila mzigo ukishuka kutoka visiwani dada anaupiga picha na kuutuma. Mwezi uliopita simu iligoma: hifadhi imejaa. Akafuta video, ikagoma tena. Akafuta picha za kipaimara cha mwanawe, ndipo ikakubali. Jioni nilipoikagua nikakuta michezo miwili, kivinjari cha pili, duka la pili la programu na programu ya habari. Zote zilikuja na simu, hajawahi kufungua hata moja. "Sanidua" haipo. Kuna "Zima" tu.

Kuzima si kufuta. Programu ya kiwandani hukaa kwenye sehemu ya mfumo ambayo mwenye simu haigusi. Ikisasishwa, toleo jipya linaingia kwenye nafasi yako na lile la zamani linabaki kulekule. Ukizima, unarudishiwa nafasi ya sasisho basi. Kwenye simu ya GB 256 hilo si neno. Kwenye ya GB 32 ndiyo picha za kipaimara, na sasisho lenyewe limeshushwa kwa bando la dada.

Fundi akaniuliza: "Sasa unataka simu tupu? Mtu wa Ukerewe akinunua simu isiyo na kivinjari, hicho kivinjari atakipakua kwa kutumia nini?" Hapo ananipata kabisa. Hata Ulaya walishajaribu. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru iuze pia Windows isiyo na Windows Media Player, programu yake ya kuchezea muziki na video. Ikatoka kwa bei ileile, na wanunuzi wakawa wa kuhesabu. Nani anunue pungufu kwa bei ya kamili? Kwa hiyo wanaotaka programu za kiwandani zipigwe marufuku, siko nao. Zije. Ugomvi wangu ni pale mwenye mali anapotaka kuzitoa akakataliwa.

Na hilo mahakama ya Marekani iliwahi kuliona. Serikali iliishtaki Microsoft mwaka 1998 kwa namna ilivyokifunga kivinjari chake, Internet Explorer, ndani ya Windows na kuibana Netscape, kivinjari cha mshindani. Watu wanakumbuka tu kwamba amri ya kuigawa kampuni vipande viwili ilitenguliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2001. Wanasahau kwamba mahakama hiyohiyo ilisema kuitoa Internet Explorer kwenye orodha ya programu zinazofutika kulikuwa kuvunja sheria ya ushindani. Tangu Machi 2024 sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya inayalazimisha makampuni makubwa inayoyataja yaruhusu mtumiaji afute kwa urahisi programu zilizokuja na mfumo, isipokuwa zile ambazo mfumo hauwezi kufanya kazi bila hizo.

Kuna wanaosema programu hizo ndizo zinazoshusha bei, maana wenye nazo humlipa mtengenezaji wa simu aziweke. Ni kweli, malipo hayo yapo. Lakini dagaa wakianikwa mchangani hubeba mchanga, na mnunuzi pale Mwaloni anaruhusiwa kupepeta. Hajatokea muuzaji wa kumwambia mchanga nao ni dagaa, usiutoe.

Tunayo Tume ya Ushindani, FCC, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda pia mlaji. Mimi ningeomba mambo mawili tu: boksi liandike nafasi inayobaki kwa mnunuzi, si GB 32 za jumla, na kila programu ambayo simu inaweza kuishi bila hiyo iwe na "Sanidua".

Wauza simu wa Makoroboi na Mlango Mmoja mliomo humu, nijibuni kwanza: mteja akiomba kuona nafasi iliyobaki kabla ya kulipa, mnamwashia simu akaangalia?