Wadau wa Kigoma: mafundi warudi kwenye waya wa kuchomelea wenye madini ya risasi?

Mwana_Katubuka: Wadau, sabufa yangu ilikuwa ikipata moto tu inakata sauti. Fundi wa Mwanga kaifungua, kanipa lenzi niangalie: kuzunguka mguu wa transista kuna ufa mwembamba kama unywele. Kanyonya bati la kiwandani linaloshika mguu kwenye bodi, kachomelea upya kwa waya wenye risasi, inapiga hadi leo. Anasema tangu Ulaya wabane risasi kwenye vifaa vya umeme, vifaa vingi vinakuja na ugonjwa huu. Kwa nini mafundi wote wasirudi huko?

Bodi_Kavu: Naunga mkono. Wa risasi unayeyuka nyuzi 183, usio na risasi unataka 217 na zaidi. Fundi mwenye pasi ya kuchomelea iliyo dhaifu bati linamkalia juujuu, akilazimisha moto anang'oa njia za shaba kwenye bodi. Sheria yenyewe ya Ulaya ni ya 2006.

Msoma_Sheria: Ilipitishwa 2003, ikaanza kazi Julai 2006. Tuwe makini na miaka.

Mama_Gungu: Mnasifia sumu! Shirika la Afya Duniani halijui kiwango chochote cha risasi kisicho na madhara. Nimeona fundi anauma waya kwa meno, kisha anamega ugali kwa mkono uleule, mwanawe kakaa chini anachezea vipande. Wachafu hawa.

Fundi_Ujiji: Mama, shikamoo, ila hilo la "wachafu" umeturushia wote. Mimi nanawa kwa sabuni kabla sijala, na mtoto haingii kibandani. Moshi mnaouona ni wa fluksi, ile dawa ya kufanya bati lishike; kwa joto la pasi risasi haiwi mvuke wa kuhesabu. Kama ni watoto, mbona hamuwasemi wanaopasua betri za gari uani na kuyeyusha risasi kwenye sufuria?

Mama_Gungu: Marahaba. Sikukutaja wewe. Na moshi wa fluksi nao unabana kifua, usiutetee.

Kibirizi_Moja: Usafi si kitu, tuongelee uaminifu. Nilipeleka king'amuzi, kikarudi kimefungwa pawa saplai ya kuokota!

Fundi_Ujiji: Sasa na wizi tumebebeshwa? Mteja anaacha redio miezi sita, akirudi anataka alipe elfu mbili. Hilo halisemwi.

Kibirizi_Moja: Mie nililipa taslimu siku ileile. Usinijumlishe.

Msoma_Sheria: Hukupewa risiti? Bila risiti kesi inakuwa ngumu.

Kibirizi_Moja: Kibanda gani Mwanga kinatoa risiti, ndugu yangu?

Mwana_Katubuka: Jamani, swali lilikuwa waya.

Bodi_Kavu: Tumia wa risasi, ila nyonya bati la zamani lote kwanza. Ukichanganya hujui umepata bati gani.

Mama_Gungu: Na hayo mnayonyonya mnayatupa wapi? Fundi wa Ujiji, jibu hilo.

Fundi_Ujiji: Nayaweka kwenye kopo. Wa kuja kuyachukua ndiye hayupo.

Mama_Gungu: Basi manispaa waulizwe. Kopo likijaa linaishia jalalani, na huko ndiko wanetu wanaokota nyaya.